Kifua cha Mwalimu wa Kemia

Mwalimu wetu wa Kemia alikuwa na vikohozi viwili. Cha kwanza kilikuwa kifupi na kikavu, cha chaki, na kilimtoka akiwa ameugeukia ubao. Hakukijali hata kidogo. Cha pili kilikuwa kirefu, kilianzia tumboni, na alikitoa tu pale naibu wa mwalimu mkuu alipokuwa karibu au mlango wa chumba cha walimu ulipokuwa wazi. Kidato cha Tatu kizima tulivisikia vyote viwili, lakini ni mimi peke yangu niliyejua tofauti. Nilijua kwa sababu hicho cha pili alifundishwa na mama yangu, sebuleni kwetu, Jumamosi moja mchana, mimi nikiwa jikoni nachagua mchele.

Nitafika hapo. Kwanza nataka kumwandika alivyokuwa siku za kawaida, maana nikianza na kikohozi ataonekana mtu mbaya. Nimeshamwandika mara tatu katika daftari hili na mara zote nimeng'oa karatasi.

Alikuwa mtu aliyechoka. Hakuchoka kwa kulalamika, alichoka kimyakimya, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Akiingia maabara jambo la kwanza lilikuwa kuvua viatu nyuma ya ile meza ndefu ya mbele, akidhani hatumwoni, na kukanyaga saruji kwa nyayo tupu apate ubaridi. Shingoni alikuwa na leso yenye maji. Saa sita leso ilikuwa imekauka na yeye pia. Alikuja Garissa akiambiwa ni miaka miwili. Nilipoanza Kidato cha Kwanza alikuwa ameshakaa saba.

Wenzake wengi kutoka bara walikuwa wameshavuka daraja. Hapa kwetu mtu wa bara akiondoka husemi amehama, unasema amevuka daraja, kwa sababu ukishapita daraja la Tana umeondoka. Bibi za wasichana wa darasani husema amerudi Kenya. Wengine walivuka kwa hofu, wengine kwa joto, wengine kwa sababu mabwana zao waliwachoka kwenye simu. Yeye akabaki mwalimu wa Kemia wa shule nzima. Akiugua siku moja, madarasa manne yalikaa bure.

Alikuwa mkali kwa jambo moja tu. Tulipofanya majaribio ya asidi na besi, unafungua kile kibomba taratibu, tone baada ya tone, mpaka rangi igeuke, halafu unaandika umetumia kiasi gani. Wasichana wengi hawakungoja rangi. Walichungulia kwa jirani, wakaandika namba zinazofanana na zake. Sisi tunaita kupika. Yeye alijua namba iliyopikwa hata kabla hajaisoma vizuri.

"Umepika," alikuwa anasema, bila kupaza sauti. "Mwaga, uanze tena."

"Mwalimu, maji yatakwisha."

"Yaishe. Andika ulichoona, usiandike ulichotaka kuona."

Siku moja rangi yangu ilikataa kugeuka kabisa. Nikaandika hivyo hivyo, haikugeuka, nikalia kidogo kwa aibu. Alisoma, akaniwekea alama ya vema. "Wewe wa nyuma," akasema, kwa sababu miaka minne hakuniita jina lingine, "hii ndiyo kazi safi kuliko zote leo." Nilikuwa nimechafua asidi. Lakini nilitembea nyumbani nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Kwa hiyo mnaona kwa nini kile kikohozi kilinichanganya.

Ijumaa, wenzetu wakielekea swala ya Jumaa, sisi Wakristo wa shule tulikutana maabara. Tulikuwa tisa, watoto wa polisi na manesi na walimu, na mmoja ambaye mamake anauza mitumba. Mwalimu alituongoza. Sijui kama alikuwa mhubiri mzuri. Alisinzia mara mbili wakati wa maombi ya mtu mwingine, na akiamka alisema amina mahali pasipofaa. Hakupenda tukimsifia imani yake. Msichana mmoja alimwambia, "Mwalimu, wewe ni shujaa, umebaki." Akajibu, "Nimebaki kwa sababu barua zangu hazijajibiwa."

Kuhusu majaribu alizungumza kama mtu anayemzungumzia jirani. "Watu wanafikiri majaribu ni pombe na wanaume," alisema. "Pombe siitaki, na wanaume mnawaona wenyewe. Langu mimi ni mvua. Ile ya jioni, unaisikia kwa mabati, na wewe uko ndani na sweta." Tulicheka. Yeye hakucheka. Tuliposali Baba Yetu, kila mara alinyamaza tulipofika pale pa kuomba tusitiwe majaribuni. Anakaa kimya kama mtu aliyesahau maneno, halafu anaendelea. Nilidhani ni ibada tu ya kwao.

Kulikuwa na mtoto. Hilo nililijua kwa mama, kwa sababu mwalimu alikuwa rafiki yake wa kanisani. Mvulana wa miaka sita, analelewa na nyanya yake huko juu kwenye baridi. Mwalimu alimwona likizo tu. Desemba iliyopita mtoto alikuwa anamwita nyanya Mama, na mwalimu akamwita Mama wa Garissa. Hakuwa na ubaya, alikuwa anatofautisha. Kila mara akisema, "Mama wa Garissa, niletee maji." Mwalimu alimsimulia mama haya siku hiyo ya Jumamosi, na sauti yake ilikuwa sawa tu, kama anayesoma orodha ya vifaa.

"Nimeomba uhamisho mara nne," akasema. "Sababu nimeandika mtoto. Hawajibu. Lakini wa Historia aliandika kifua, na barua ya daktari, akavuka ndani ya mwezi."

Mama ni tabibu katika kliniki ndogo mtaani, na watu wote humwita daktari.

"Kifua chako ni kizima, dada," mama akasema.

"Najua."

"Unajua unaniomba nini."

"Najua pia."

Niliacha kuchagua mchele. Nilijiambia mama atakataa. Ni mama yangu, hata chenji ya uongo dukani hataki. Lakini mama naye alikuwa ametoka zamu, na amemwona huyu mwanamke miaka yote akikauka kama leso. Akasema polepole, "Barua bila kikohozi itaulizwa. Fomu lazima ipite kwa naibu wenu. Anza kukohoa kwanza, watu wakuzoee. Si hivyo. Hicho ni cha koo. Toa chini."

Na mwalimu wangu, aliyekataa namba zangu zilizopikwa, akakohoa kutoka chini, kwenye kochi letu, mpaka mama akasema hapo sawa. Niliingiza mkono kwenye mchele nikaanza tena, nikitupa hata punje nzima.

Kwa hiyo akaanza. Wiki ya kwanza alikohoa kwa naibu tu. Wiki ya pili kikamfuata darasani, kwa sababu kitu kama hicho huwezi kukiacha mlangoni. Na hapo ndipo alipokosea. Alihesabu naibu, akahesabu fomu, akahesabu daktari. Hakuwahesabu wasichana.

Hodan ndiye aliyeanza. Huyu anakaa dawati la mbele, mrefu, mwenye maneno, kwao ni Bura, na anataka kuwa nesi. Bila Kemia hawi nesi, na hilo aliliimba kila siku. Alinyanyuka katikati ya somo, na lafudhi yake ya Kisomali mara nyingine hugeuza p kuwa b na v kuwa f.

"Mwalimu, bole. Hiyo kifua si ya chaki. Umeona daktari?"

"Nimeona."

"Amesema nini?"

Mwalimu aligeukia ubao. "Vumbi," akasema.

Basi. Neno moja. Jumatatu iliyofuata kulikuwa na chupa ya habasoda iliyosagwa na asali mezani kwake, kutoka kwa bibi yake Hodan. Jumatano maziwa ya ngamia katika kidumu chenye harufu ya moshi. Msichana mwingine alileta kitambaa kibichi, wakawa wanafuta ubao kwa maji badala ya dasta. Hodan akatangaza kuwa ayeyo wake, yaani huyo bibi, anamwombea mwalimu dua kila baada ya swala, mara tano kwa siku, na ayeyo wake si mtu wa kukataliwa.

Halafu Ramadhani ikaingia, na wakaanza kumwaga maji sakafuni.

Mtu asiyekaa hapa hawezi kuelewa. Tanki la shule hujazwa na boza, na boza huja likitaka. Wasichana wa bweni walipewa jerikani moja kila mtu kwa siku, ya kuoga na kufua na udhu. Wakatoa humo. Kabla ya somo la Kemia, saa nane mchana, jua likiwa bado linachoma, wakiwa wamefunga na midomo imepasuka, waliinamisha jerikani wakalowesha sakafu yote ya darasa ili vumbi litulie.

Mimi ndiye niliyebeba. "Wewe hujafunga, walaal," Hodan aliniambia, akiniita ndugu kwa Kisomali, "una nguvu ya ugali. Beba." Wote wakacheka, na mimi nikacheka, nikabeba. Jerikani mbili, moja kila mkono, kutoka tankini hadi darasani. Nilijua kifua ni kizima. Siku kumi na moja nilibeba, na nilijua. Nilijiambia kuwa nikisema, mama atapoteza kazi. Hiyo ilikuwa kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba mimi huona haya hata kuomba kwenda msalani, na kunyamaza ndicho kitu ninachokijua vizuri. Majaribu ya watu wengine huwataka wafanye kitu. Langu lilitaka nikae tu nilivyo.

Siku ya kwanza ya maji mwalimu alisimama mlangoni, hakuingia.

"Nani amemwaga?"

"Sisi wote, mwalimu," Hodan akasema. "Fumbi linakuumiza."

"Mmetoa wapi maji?"

"Ni ya kuoga. Leo Kidato cha Tatu hatuogi. Ya udhu tumebakisha, usijali."

Alivua viatu, akavishika mkononi, akapita kwenye sakafu ile mbichi hadi mbele. Alifundisha dakika arobaini bila kukohoa hata mara moja, na bila kumtazama mtu.

Ijumaa ile maabara hakuweza kuongoza. Alifika mahali pake pa kunyamaza katika sala na hakuendelea. Tulisubiri. Mwishowe msichana mdogo wa Kidato cha Kwanza ndiye aliyetumalizia. Mwalimu alisema tu, "Niombeeni. Si kwa ugonjwa."

Jumanne ya pili ya Ramadhani alisimama mbele yetu akasema, "Kifua changu ni kizima. Sina shida yoyote. Msimwage maji tena."

Alitaka kuungama. Ninaamini hivyo. Lakini kabla hajavuta pumzi ya kuendelea, Hodan alipiga dawati kwa kiganja.

"Alhamdulillah! Ni habasoda ya ayeyo. Si niliwaambia?"

Darasa zima likaripuka kwa furaha. Wakampigia makofi, wakapigiana makofi, mmoja akasema ni maziwa, mwingine akasema ni maji, wakaanza kubishana ni nani aliyemponya. Nilimwona mwalimu akifungua mdomo. Nilimwona akiufunga. Akatabasamu, akachukua chaki, akaandika kichwa cha somo.

Ijumaa alituambia sisi tisa bila kueleza, akiwa amekaa juu ya stuli na viatu mkononi. "Nilikuwa natoka kwenye shimo," akasema. "Nikaona watu wananipigia makofi shimoni, nikakaa." Halafu akasema jambo ambalo nililiandika siku ile ile. "Kutaka kwenda nyumbani si dhambi. Mungu anajua nataka, na hajanikasirikia. Njia niliyoshika ndiyo mbaya. Nimeng'ang'ana kumwomba aniondolee hamu ya nyumbani, na hakuiondoa. Labda haondoi. Labda ananitaka nitembee nayo bila kudanganya."

Jumanne ya tatu alifunga mlango wa darasa nyuma yake.

"Wiki jana mlifurahi kuwa nimepona. Sikupona, kwa sababu sikuwa mgonjwa. Nilitaka barua ya daktari inipeleke kwa mtoto wangu. Nilikohoa ili mniamini." Akashika ukingo wa meza. "Nilipika matokeo."

Pangaboi lilikuwa linazunguka. Kisha Hodan akainuka, na safari hii hakuwa na maneno mengi.

"Kwa hiyo maji?"

"Mlimwaga bure."

"Na sisi tumefunga."

"Najua."

"Ayeyo wangu ni mgonjwa wa miguu. Alikuwa anasimama kukuombea wewe."

"Najua, Hodan."

"Ungeenda, sisi tungebaki na nani?"

"Hapo sikuwaza. Nilikataa kuwaza."

"Barua aliandika nani?"

Nilitazama dawati langu. Kuna mtu alichora ua kwa kalamu, nililihesabu majani. Nilijua Hodan anajua kazi ya mama yangu, shule nzima inajua.

"Aliyeomba ni mimi," mwalimu akasema. "Hakuna mwingine hapa."

Alienda kwa naibu pia, mwenyewe. Tulisikia baadaye kuwa naibu alimwuliza, sasa ukiugua kweli tutakuaminije. Barua ilirudi kwetu nyumbani ndani ya bahasha ile ile. Mama aliichana vipande vidogo sana, akakaa navyo mapajani, kisha akasema kwa sauti ya chini kama vile nilikuwa nimemuuliza, "Nilidhani nauhurumia uchovu wake."

Sitaki kuandika kuwa mambo yalitulia. Muhula mzima hawakumsamehe. Hakuna aliyefuta ubao kwa kitambaa. Akipita bwenini, mtu dirishani anakohoa, kirefu, kutoka chini, na wengine wanacheka. Yeye anapita. Mara moja tu alisimama, akatazama juu, akasema, "Hicho ni cha koo," akaendelea na safari yake. Nilimpenda sana siku hiyo.

Hodan hakunyanyua mkono darasani mpaka mvua za Oktoba. Siku alipounyanyua lilikuwa swali la kweli, gumu, la chumvi na asidi, na mwalimu alilijibu dakika kumi, akichora, akifuta, akichora tena. Wote wawili walizungumza kuhusu chumvi tu. Nadhani pale ndipo walipopatana.

Ombi la tano la uhamisho alilituma kwa sababu ya kweli, mtoto. Alituambia Ijumaa. Halikujibiwa. La sita pia. Imani yake haikung'aa, niseme ukweli. Aliendelea kusinzia katika maombi. Lakini ile sehemu ya sala aliyokuwa akinyamaza, sasa aliisema kwa sauti kuliko zote, kama mtu anayebisha hodi mahali anapojua kuna watu.

Nilimwona tena mwaka huu, nilipokwenda shuleni kuchukua cheti changu. Hodan alikuja pia, tulipanda bodaboda moja, na alibaki getini akipiga soga na askari. Nilimtafuta mwalimu maabara, nikamkuta Kidato cha Kwanza, darasa tupu, wasichana wametoka mapumziko.

Sakafu ilikuwa mbichi.

"Niliwakataza," akasema, kabla sijauliza. "Mdogo wake Hodan yuko hapa. Aliwaambia wenzake kuwa mwalimu wa Kemia humwagiwa maji. Nikawaeleza sababu yote, mwanzo mpaka mwisho, nilivyowadanganya dada zao. Wakasikiliza. Halafu wakasema, sawa mwalimu, basi haya ni ya kupoza joto." Alikuwa amevua viatu. Nywele zilikuwa zimeota mvi mbele. "Mtoto sasa ananiita Mama tu," akasema. "Tumezungumza sana kwa simu. La saba nimetuma jana."

Nilisimama pale na cheti changu. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na mama alikuwa ameniambia kama nitasema, niseme na jina lake.

"Mwalimu, nilijua. Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa jikoni. Na nilibeba yale maji."

"Najua ulijua," akasema. "Ulikuwa unabeba bila kunitazama."

"Nisamehe."

"Mimi nilishakusamehe ukiwa na jerikani mkononi." Alielekeza kichwa dirishani, kule getini. "Lakini aliyekuwa na kiu si mimi."

Nilihisi ile haya yangu ya zamani ikinipanda shingoni. Ningeweza kusema tutaonana, ningeweza kupanda bodaboda, na Hodan asingejua maisha yake yote. Mwalimu aliona. Hakunisukuma. Aligeukia ubao akaanza kuufuta kwa dasta, na katikati ya kufuta akakohoa, kifupi, kikavu. Akageuka haraka, akaninyooshea vidole vyake, vyeupe mpaka kwenye viungo.

"Hiki ni cha chaki," akasema.

Nikamwamini. Nikapita kwenye sakafu ile mbichi polepole nisiteleze, nikatoka juani, nikaelekea getini.